Asali Iliyoniumbua

Amani kwenu, wanajumuiya. Mwenyekiti kanipa dakika tano, na leo sisinzii, msiwe na wasiwasi.

Nyie wote mnajua mwaka jana niliumwa. Wengine mlisema nimerogwa, wengine mkasema ni gongo. Nilisikia, ila sina kinyongo. Ngoja niwaambie ilivyokuwa.

Niliingia pori la hifadhi kurina asali, bila kibali. Haya, mmesikia. Nilikaa huko siku tisa, mbung'o wananiuma hata juu ya shati. Mmoja aliniuma mgongoni pakavimba kama jipu. Nikapaka mafuta, nikasahau.

Niliporudi hapa Kasokola, wiki mbili hazijaisha, homa ikaanza. Nanunua dawa ya malaria, nameza, inatulia siku mbili, inarudi tena. Kichwa kinagonga, viungo vinauma. Mke wangu akanipeleka hospitali mjini.

Daktari alikuwa mama mmoja mpole, mgeni huku kwetu. Akaniuliza, "Baba, kabla ya kuumwa ulisafiri? Uliingia porini?"

Nikasema, "Sijatoka, daktari. Mimi ni mtu wa mahindi tu, shambani na nyumbani."

Mke wangu nikamkazia macho. Naye akaitikia, "Hajatoka."

Ndugu zangu, nawaambia ukweli, niliogopa. Nilijua daktari ni mtu wa serikali, na askari wa wanyamapori ni mtu wa serikali. Nikaona hao wanakula chungu kimoja, nikisema tu, natoka wodini naingia mahabusu. Mimi ni mbishi, mnanijua.

Wakapima malaria, hakuna. Taifodi hakuna. Kifua kikuu hakuna. Kila asubuhi yule mama anakuja na swali lake lile lile la porini, na kila asubuhi mimi nadanganya.

Yanayofuata nasimulia kama nilivyoambiwa, maana nilianza kulala mchana kutwa. Nalala na uji mdomoni. Nikiamka, namwita mke wangu kwa jina la dada yangu, na dada yangu tulishamzika zamani. Mke wangu akaanza kuniona maiti.

Sasa, kwetu huwezi kumshukuru mtu anayekuhangaikia ukiwa mikono mitupu. Mke wangu akabeba asali kwenye chupa ya soda, akampa daktari. Daktari akaiinua, akaona vipande vya masega bado vinaelea.

"Mama, asali hii mmenunua wapi?"

"Hatujanunua. Tumerina."

"Amerina nani?"

Mke wangu akaangalia kitanda changu. Halafu akalia, akasema yote. "Daktari, kama ni kufunga, nifungeni mimi. Ila huyu mnitibie."

Daktari akamshika bega. "Mama, mimi natafuta ugonjwa. Sitafuti mtu wa kufunga."

Wakanigeuza, wakaliona kovu la mgongoni. Damu yangu daktari aliipeleka maabara mwenyewe. Mtaalamu akachungulia kwenye darubini, akamwita aje aone: wadudu wanajipindapinda. Malale, ule ugonjwa wa mbung'o! Wakanitoa maji ya mgongo, kumbe walishafika kwenye ubongo. Dawa yake haikuwepo pale, ikaagizwa mbali, nasi tukasubiri. Mke wangu anasema siku zile hakumaliza hata bakuli moja la chakula. Ilipofika nikaanzishiwa, taratibu nikarudi. Mpaka leo bado naenda kupimwa.

Askari hakuja hata mmoja. Nilikuwa naogopa kivuli.

Namshukuru daktari yule, na mtaalamu wa maabara, na manesi walionigeuza kama mtoto. Nanyi mliotupalilia shamba, Mungu awalipe. Siku hizi narina kwa kibali. Na ninachowaomba ni hiki: daktari akikuuliza ulikuwa wapi, mwambie. Hata kama ulikuwa mahali pa aibu, mwambie. Anapima damu, hapimi mawazo yako.

Limebaki moja, nalo ndilo lililonileta hapa mbele. Siku nilipopata akili, mke wangu alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, amekonda, macho mekundu. Neno langu la kwanza nilimfokea: "Kwa nini umesema?" Akaninywesha uji.

Mama watoto, simama wakuone. Sikuwahi kukushukuru, nilikufokea tu. Nisamehe. Ungenitii siku ile, leo hawa wangekuwa wameniwekea msalaba.