Mwalimu Asiyeona Kioo

Ndugu zangu, nawasalimu kwa jina la Yesu. Aliyenishika mkono kuja hapa mbele ni mke wangu, msidhani nimelewa.

Wengi mnanijua kama mwalimu wa kompyuta pale Donholm. Nilifundisha wanaoanza kabisa, watu wa mtaa wa Mukuru kwa Njenga ambao hawajawahi kugusa kompyuta, jinsi ya kuiandikia maagizo ikayafuata. Nawaambia, nilikuwa na kiburi. Mtu akikosea nukta moja, mimi niko nyuma yake, nimeshaiona.

Halafu ukungu ukaanza kuingia pembeni mwa macho. Nikanyamaza. Nikakuza herufi, nikafundisha kwa kubahatisha. Siku moja nikainama kwa mwanafunzi, nikamwambia, "Vizuri sana!" Darasa zima likacheka. Kompyuta yake ilikuwa imezimika.

Daktari akasema ni presha ya macho, na kilichopotea hakirudi. Mliniombea, asanteni, lakini niwe mkweli: sikupona. Nililala miezi mingi nimeuelekea ukuta. Mke wangu akiniletea chai, namuuliza ya nini. Nilitamani kufa. Haya, nimelisema.

Ndipo akaja mama mmoja, kibarua wa kiwandani, aliyekuwa mzito kuelewa kuliko wanafunzi wangu wote. Akaweka laptopu yake kuukuu mezani.

"Mwalimu, imenikataa tena."

"Mama, mimi sioni."

"Mimi naona, lakini sielewi. Acha nikusomee."

Nikamwambia aende. Akasoma tu, alama kwa alama, polepole kama mtu anayesoma zaburi. Mstari wa nne nikamkatiza: "Hapo hujafunga mabano."

Akayafunga. Kisha akapiga kelele, "Imekubali!"

Nililia, ndugu zangu, na si kwa furaha tu. Nilijua hivi ndivyo itakavyokuwa mpaka mwisho wangu.

Sasa nafundisha watu wanne sebuleni kwangu. Wananisomea, nawasahihisha. Kuna wiki hawaji, vibarua vimewabana. Kuna asubuhi mimi mwenyewe siamki. Lakini namshukuru mama yule, na mke wangu aliyeendelea kuleta chai.

Sina muujiza wa kuwapa. Nina hili tu: nilificha ule ukungu mwaka mzima kwa aibu, na daktari alisema ningekuja mapema angeokoa kidogo. Kwa hivyo leo, mwenye lake analolificha asitoke hapa kabla hajamwambia jirani aliyeketi naye.