Mwalimu Zilpah Aoko, Aliyejenga Nchi Kwenye Mlima wa Moto

Ndugu wa Kanam, walimu wa Lambwe, na ninyi wageni mliotoka mbali, Kegonga: huyu tunayemzika leo, Ijumaa tarehe 15 Machi 1968, ni Mwalimu Zilpah Aoko, kifungua mimba wa marehemu Mzee Osumba na Mama Leonida. Maisha yake yanasomwa na mdogo wake, Nicanor. Yameandikwa kwa Kiswahili ili wageni wa Kegonga wasikie kila neno, na ili wazee wa hapa wasije kesho wakasema hawakuelewa. Nicanor ameombwa asome bila hasira. Amejaribu, ameshindwa. Kaburi la dada yake limechimbwa kule, nje ya ua wa baba yao, kwa sababu hakuolewa. Kila mmoja wenu amelipita akiingia hapa, na wengine mmelipita macho yakiwa chini.

Zilpah alizaliwa tarehe 3 Aprili 1931 hapa hapa Kanam, chini ya Mlima Homa. Mama alikuwa akitoka shambani, uchungu ukamshika njiani, akajifungulia kando ya mtama. Ndipo akaitwa Aoko, jina tunalompa mtoto wa kike aliyezaliwa nje ya nyumba. Juzi, wazee walipoonyesha mahali pa kuchimba, Mama alisema maneno ambayo Nicanor anataka yasikike mara ya pili: "Kuzaliwa inje, hiyo ilikuwa ya Mungu. Kuzikwa inje, hiyo ni yenu." 

Alikuwa mtoto wa maswali. Mnazijua chemchemi za maji moto zilizo upande ule wa mlima. Siku moja, akiwa bado mdogo wa kutumwa kuni, alirudi bila hata kijiti. Alikuwa amebeba kikapu cha viazi vitamu, amekwenda kuvitumbukiza kwenye chemchemi vijipikie vyenyewe. Vilirudi vibichi katikati, vina ladha ya kutu, na baba yetu akavila vyote huku akicheka mpaka machozi. Mama hakucheka, kwa maana kuni zilikuwa bado hazijaja. Zilpah alimwambia, "Mama, kama moto iko chini ya nyumba, kwa nini sisi wasichana tunaenda kutafuta ingine kwa kichaka?" Alichapwa. 

Alianza shule mwaka 1939. Akiwa darasa la nne, mwalimu wao aliwaeleza kwamba Mlima Homa ni volkano, kwamba zamani za kale ulitapika moto kisha ukapoa. Wenzake waliandika, wakafunga vitabu. Yeye akanyoosha mkono. "Mwalimu, kabla ipoe, watu walikuwa wanaishi namna gani hapa?" Mwalimu akasema hapakuwa na watu. "Basi mimi nitaweka," akasema Zilpah. Akawaweka kweli. Nchi aliyowajengea aliiita Pinymach, yaani nchi ya moto, na hakuacha kuijenga mpaka mwezi huu.

Baada ya chuo cha ualimu alipelekwa upande wa Migori, kwa Wakuria, na Januari 1952 akaanza kufundisha karibu na soko la Kegonga. Huko ndiko Pinymach ilikopata wananchi. Mwalimu Zilpah hakukubali mwanafunzi atunge sentensi hata moja kabla ya kuufinyanga mlima kwa udongo pale uwanjani, wenyewe, na mdomo wake, na mabonde yake. Kisha alichukua uji wa wimbi wa saa nne, akaumimina kutoka kileleni. Uji, si maji, kwa sababu moto wa mlima ni mzito na unatembea taratibu. Ulikopita uji, hapajengwi nyumba. Ulikotuama, mtu haoi huko wala hazai huko. Mwalimu mkuu alilalamika kwamba chakula kinamwagwa chini, naye akamjibu kwamba unaomwagwa ni wa kwake mwenyewe. Ilikuwa kweli. Alishinda na njaa ili watoto wa watu waone moto unavyoteremka.

Wale wanaosema alikuwa akipoteza wakati na hadithi za ovyo, wamsikilize Mwalimu Mirumbe, aliyekuwa mwanafunzi wake na ambaye leo ameleta gari zima la watu wa Kegonga. Mwaka 1957 Mirumbe alitunga hadithi ya Pinymach, na alipofika mwisho akaulipua mlima, wote wakafa. Zilpah akamrudishia karatasi. "Umewaua watu wote hawa kwa sababu umechoka kuandika?" akamuuliza. "Mlima si kiberiti ya kumalizia hadithi. Niambie kwanza wanakula nini. Niambie kwa nini hawahami."

Mirumbe aliumiza kichwa wiki nzima. Hatimaye akaja na jibu kwamba hawahami kwa sababu majivu ya mlima yanarutubisha shamba, na mtama wa Pinymach unavunja mabua kwa uzito. Zilpah akafurahi, akamsukuma mbele. Kama majivu yanaanguka, paa lao likoje? La mteremko mkali, yateleze. Kama mvuke unatoka ardhini, nani anapika, na kwa nini? Wanapikia mvuke, hakuna anayetafuta kuni. Na wasichana wasiotafuta kuni wanashinda wapi? Wanakaa kwenye baraza, wanasema, wanasikilizwa. Hivyo ndivyo nchi inavyojengwa, alisema: mlima unaweka sharti, watu wanatafuta namna ya kuishi nalo, na kila namna inazaa desturi. Ukiuweka mlima nyuma kama picha ya ukutani, hujajenga kitu.

Sheria kubwa ya Pinymach ilikuwa moja, na watoto wa Kegonga bado wanaijua kwa moyo. Hakuna ua. Moto ukishuka, kila mtu ana haki ya kukimbilia katika boma lolote, na anayezungusha ua amemfungia jirani yake nje afe. Nicanor anaomba mliwaze hilo polepole.

Mwaka 1961 alipeleka hadithi zake kwa kampuni moja ya vitabu Nairobi. Walimwandikia kwamba Kiswahili chake ni kizuri, ila volkano ni mambo ya Wazungu, msomaji Mwafrika haifahamu. Aweke sungura na fisi. Mwanamke aliyezaliwa kwenye ubavu wa volkano, aliyechemshia viazi juu yake, anafundishwa na mtu wa mjini kwamba hakuna volkano kwao! Alikuja nyumbani likizo ile amenuna, akamsomea Nicanor barua yote, akasema, "Sungura ninamheshimu. Lakini sungura ataishi wapi, hewani?" Hakubadilisha hata mstari. Hadithi hazikuchapwa, na hasira ile Nicanor anayo hadi leo.

Kuhusu ndoa, maneno ni machache. Mwaka 1955 alikuja Jared, karani wa Homa Bay, kijana nadhifu mwenye baiskeli. Ng'ombe wa kwanza walifika. Kisha Jared akasema, mbele ya baba yetu, kwamba mke wake hawezi kuwa anadanganya watoto wa watu kwa milima ya uongo. Akiingia kwake, hayo yaishe. Zilpah akauliza, "Na kama hayaishi?" Jared akacheka, akidhani ni mzaha. Wiki hiyo hiyo Zilpah mwenyewe akawaswaga ng'ombe wale kuwarudisha. Aliambiwa na shangazi zetu wote mahali ambapo msichana asiyeolewa huzikwa. Alijua. Nicanor hataki mtu aseme leo kwamba dada yake hakuonywa, na pia hataki mtu aseme kwamba kujua ni kukubali.

Mwaka 1963 baba mdogo, Mzee Cephas, akiwa mzee wa kanisa, alisimama akasema kutunga ni kusema uongo, na kwamba watu wanaoishi motoni wakifurahi ni mafundisho ya shetani. Zilpah akaondolewa katika kufundisha watoto kanisani. Baba mdogo, umekaa pale mbele, na kwa heshima zote Nicanor anakuuliza: katika miaka yote hiyo, uliwahi kusikiliza hata hadithi moja mpaka mwisho?

Mwaka 1964 alihamishiwa bonde la Lambwe, palipofunguliwa mashamba ya walowezi wapya. Mbung'o walikuwa wengi kule kuliko watu. Katikati ya 1967 akaanza kusinzia darasani, chaki mkononi. Kichwa kilimwuma, shingo ikavimba tezi. Mnajua kilichosemwa? Kwamba amekuwa mvivu. Kwamba anakunywa. Wengine walisema mlima wake umemgeukia, analipa uongo. Ilikuwa malale. Mbung'o hamuulizi mtu kama ametunga hadithi au ameimba zaburi. Alipofikishwa hospitali Homa Bay, ugonjwa ulikuwa umekwisha kupanda kichwani, na waganga walifanya waliloweza.

Nicanor alikuwa kando ya kitanda chake. Alikuwa akiamka kidogo, anasema, anarudi. Mara ya mwisho aliuliza kama watoto wa Lambwe wanaendelea na Pinymach. Nicanor akasema wanaendelea. "Waambie mlima wasilipue," akasema. "Watataka kulipua kwa sababu nimekufa. Waambie hapana." Alifariki Jumanne tarehe 12 Machi 1968, asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Mama.

Sasa tuje kwa kaburi.

Juzi Jumatano, Nicanor alimwomba Baba mdogo Cephas kwamba Zilpah azikwe ndani, kushoto kwa nyumba ya Mama. Baba mdogo alisema hivi, na haya ni maneno yake bila kuongezwa chumvi: "Wuod Osumba, wewe unafikiri mimi sina huruma? Huyu ni mtoto wa ndugu yangu. Lakini mimi iko na wajukuu. Tukiweka yeye ndani, chira itakamata watoto, na wewe hutakuja kuzika wao. Mwacha mila ni mtumwa." Nicanor akajua mzee haongopi, chira, laana ya kuvunja mila, anaiogopa kweli. Lakini woga wa mtu mmoja haugeuki kuwa haki kwa sababu tu ana mvi. Ng'ombe akivunjika guu malishoni hujikokota zizini apate kusaidiwa. Huyu wetu amejikokota kutoka Lambwe mpaka nyumbani, nanyi mmemfungia lango.

Jana alfajiri kaburi likachimbwa nje, kabla Nicanor hajamaliza kusema. Alipodai lichimbwe lingine ndani, Baba mdogo alipiga mkongojo chini. "Kaburi ikishachimbwa haifukiwi bila mtu! Hiyo nayo hutaki? Unataka kumaliza boma yote?" Wazee wakaitikia. Na Nicanor, ambaye amekulia hapa na amezika baba hapa, alijua kwamba hilo ni kweli. Alikaa chini. Alishindwa.

Aliyesimama ni Mirumbe, mgeni, Mkuria, ambaye hana neno katika boma hili. Alivua kofia. "Wazee, niruhusu swali moja tu," akasema. "Kaburi haiwezi kusogea. Mimi nimesikia na ninaheshimu. Lakini hii ua, nani amesema haiwezi kusogea?"

 Baba mdogo aligeuka kuutazama ua. Ua huu ni wa ojuok, yaani mnyaa. Mzee Osumba aliupanda kwa mkono wake, na mwaka aliomwoza mwanawe wa pili aliung'oa upande wa ziwa na kuusukuma nje ili boma lipanuke. Chira haikuja. Wazee waliokunywa pombe ya kazi ile wako hapa, na mmoja wao ni Baba mdogo. Ojuok haina shida. Unakata tawi, unalichomeka, linashika.

Kwa hiyo desturi yote imetimizwa. Zilpah amechimbiwa nje, na kaburi lililochimbwa halitaachwa tupu. Baba mdogo hakusema ndiyo. Alisema, "Mimi sitashika panga." Nicanor hakumwomba ashike.

Marehemu ameacha mama yake, Leonida. Ndugu zake Nicanor na Paul. Dada yake Monicah, aliyeolewa Suna, pamoja na watoto wao. Baba mdogo Cephas na nyumba yake. Wanafunzi wa Kegonga na wa Lambwe, ambao hesabu yao hatuijui. Na watu wote wa Pinymach, wazima, juu ya mlima ambao haujalipuka.

Baada ya maneno haya jeneza litangoja hapa kivulini. Mapanga yameegemezwa kwenye ghala. Anayetaka kumwaga machozi ayamwage akiwa anakata ojuok, kuanzia langoni hadi upande wa pili wa kaburi, kisha achomeke tena tawi kwa tawi mpaka binti wa Osumba awe ndani ya boma la Osumba. Wasifu wa marehemu hufungwa kwa kumwombea mapumziko ya amani, na mnangoja Nicanor ayatamke maneno hayo. Hatayatamka sasa. Ameyaacha bila kuyapiga chapa katika karatasi mlizoshika, msije mkajisomea wenyewe mkaenda nyumbani. Atayasema jioni, ua ukishapita kaburi.