Musilime Kwanza

Asubuhi ile, kwenye benchi ya Faida muuza kahawa, pembeni ya soko la Kasongo, kulikuwa neno moja tu: plan. Serikali ilisema itapanga udongo upya, kila kipande na kazi yake, ili uchumi ukue. Faradji alikaa katikati. Walimuita Kadastre, kama ile ofisi ya serikali ya kupima udongo, kwa sababu zamani alimushikia mupima udongo kamba siku ine, na tangu hapo hakuna mupaka asioujua. Mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na baba yake.

— Kadastre, hii plan itatufikia siku gani? aliuliza Souleymane, fundi wa cherehani.

— Iko njiani. Kasongo ni ya biashara. Lusangi ni ya migodi. Kabambare yote, mashamba ya matrakta.

— Na makaburi je?

— Yatahama. Wafu hawalipi taxe.

— Haki ya Mungu! Fabrice, dereva wa pikipiki, alicheka mupaka kahawa ikamumwangikia. — Miye nilisikia hapa sokoni wataweka uwanja wa ndege.

— Uwanja tu? Lualaba yenyewe, muto muzima, wataionyosha! Souleymane akadakia. — Zile kona zake zinachelewesha uchumi.

— Iko mu plan, Faradji alisema, macho makavu. — Ukurasa wa makumi ine.

Hiyo plan hakuwa ameona hata jalada lake. Lakini raha ya kusikilizwa, weee, haina mwenye kuishiba!

Mwanamuke mumoja akafika kwa miguu, vumbi mupaka magotini, kapu tupu mukononi.

— Jambo, wapapa. Miye ni Régina, natoka Wamaza. Natafuta mutu wanamuita Kadastre.

Faradji akanyoosha kola ya shati.

— Unamutakia nini, mama? Fabrice aliuliza.

— Musimu uliopita neno lilifika kwetu: Kadastre wa Kasongo amesema musilime kwanza, mupaka plan itoke. Tukatii. Kijiji kizima hatukupanda hata punje ya mupunga. Tukangoja weee, mbegu tukaikula. Sasa mvua imerudi. Nataka kumuuliza tu: tulime ao tungoje tena?

Mukono wa Faradji ulishuka polepole. Alikumbuka. Aliyasema hapa hapa, kwa kunogesha kahawa tu, na Fabrice akayabeba mupaka Wamaza pamoja na abiria wake.

Fabrice alianza kupangusa taa ya pikipiki. Souleymane alitafuta kitu ndani ya kikombe chake.

— Hamumujui?

— Alihama, Faradji alisema. — Alienda Kindu.

— Aa. Régina alitazama kapu lake. — Na hapa, nani mwingine anajua kama tulime?



Faida, ambaye hajapata kumupa mutu kahawa ya bure, alisimama. Akakitoa kikombe mukononi mwa Faradji, kingali kimejaa, akamupa yule mwanamuke.

— Kunywa, mama, alisema. — Hii ni ya Kadastre.