Ukuta Nilioupiga Saruji

Sogeeni, wanangu, ila msiegemee ukuta. Awadhi, nimesema usiegemee! Mama Ashiru, futa machozi. Kulia utalia baadaye, sasa nataka masikio. Kule Ndanda daktari hakunizungusha, aliniambia nirudi Mkunya nikafie kwangu, nami nikampenda kwa hilo, maana maisha yangu yote nimetaka mtu aseme neno lililonyooka. Basi leo na mimi ninyooshe langu, kwa sababu mimi niliyejiita mkweli nimewalaza wajukuu zangu ndani ya uongo.

Nyumba hii aliijenga mzungu aliyekuja kulima huku juu, babu yenu Shamte akiwa fundi wake. Kuta za mawe, nene kama urefu wa mkono, zikaungwa kwa chokaa iliyopandishwa kutoka Lindi. Paa la vigae likakusanya mvua yote na kuimwaga kwenye tangi chini ya ua, ndiyo maana wenzetu walipokuwa wakishuka bondeni na ndoo sisi tulikuwa tunakoga. Nyuma akajenga banda la farasi wanane, madirisha juu, sakafu ya mawe iliyoinamishwa ili mkojo utiririke. Wakafika farasi wawili tu, mbung'o wakawamaliza kabla ya mwaka. Mzungu alipoondoka vyote vikabaki kwa babu yenu, naye akatugawia: mimi wa mke mkubwa nyumba, ndugu yangu Uwesu wa mke mdogo banda.

Nilimcheka, wanangu. Mbele za watu nilimwita Farasi.

Mwaka themanini na saba nikataka nyumba ing'ae. Ufundi sikufundishwa na mtu, niliuiba kwa macho, na hilo likanitia kiburi kuliko wenye vyeti. Nikabandua chokaa ya baba, nikapiga saruji ndani na nje. Uwesu akaja, akasimama hapo ulipo, Awadhi. "Kaka, ukuta huu unapumua. Ukiuziba pua, utakufa." Nikamjibu, "Ukuta umekuwa ng'ombe? Rudi kalale na farasi wenzako." Watu wakaangua kicheko. Yeye akaondoka, na hajakanyaga hapa tena.

Alisema kweli. Unyevu unaopanda kutoka chini ukakosa pa kutokea, chokaa iliyounga mawe ikalowa miaka na miaka mpaka imekuwa uji. Gonga hapo. Umesikia? Unalia kama debe. Ukuta haupo, limebaki ganda. Nyufa nimeziona tangu kabla Ashiru hajazaliwa, na kila mwaka nilizikandika, nikapaka rangi, nikakaa barazani kupokea sifa. Ulipoachika, Mama Ashiru, ukarudi na watoto, nilikupa chumba cha mashariki, kilichooza kuliko vyote, kwa sababu ningekunyima ungeniuliza kwa nini.

Banda halikuonja saruji. Uwesu hulipaka chokaa kila kiangazi, nalo limesimama.

Mawingu mnayaona. Nyumba hii haivuki mvua hizi. Msiikarabati, msiite fundi; hakuna cha kuokoa, nimekwisha kuiua. Vigae na boriti za mninga ni vya Uwesu. Tokeni leo. Jana nilimtuma Awadhi akamwite. Ulinificha jibu, mwanangu, lakini nilikusikia ukimwambia dada yako uani alivyojibu Uwesu: "Mwambie njia anaijua." Hatua sitini tu mpaka bandani kwake, na miguu sina.

Basi nibebeni na kitanda hikihiki. Mkifika, mnishushe mlangoni, mtu asinisemee. Nitampa shikamoo mimi, mkubwa wake, mbele ya wanawe. Akiitikia, ingieni. Akinyamaza... nadhani atanyamaza, maana ningekuwa yeye ningenyamaza... akinyamaza, mimi mniache nje, lakini watoto wapitisheni. Watoto hatawafukuza. Yeye si mimi.

Radhi zangu mnazo, zote. Mungu awape ulimi mwepesi wa kuomba msamaha, mimi wangu... umechelewa. Nipeni maji. Kidogo. Haya, Awadhi, shika upande huo, polepole, usiguse mwimo wa mlango... Mama Ashiru, watoto wametoka? Wote? Wahesabu. Wahesabu tena.