Sittana, Mwanamke Aliyemwonea Wivu Nguva

Asalaam aleikum, wasikilizaji wapendwa. Punguzeni moto jikoni na msogee karibu na redio, maana habari ya leo haitaki kelele za sufuria. Tumempoteza Bi Sittana binti Awadallah. Narudia kwa mlio mabondeni na ngamia wenu: Bi Sittana binti Awadallah, wa ghuba ya Um Ushub, amefariki Jumanne asubuhi na kuzikwa siku hiyohiyo alasiri. Alikuwa na miaka sitini na miwili. Ameacha mume, Bwana Shazli, na binti mmoja, Nafisa.

Wengi mnamjua kama yule mama aliyefanya ghuba ifungwe ili nguva alindwe. Wakubwa wa mazingira walimwita shujaa. Mwaka juzi nilimwambia hivyo nikiwa nimemshikia kinasa sauti, akanicheka usoni.

"Shujaa wa nini, mwanangu? Mimi nilikuwa na wivu. Watangazie hivyo hivyo. Wivu, basi!"

Mimi nani hata nimsahihishe marehemu? Nitatangaza kama alivyoagiza.

Bi Sittana aliolewa na Shazli akiwa na miaka kumi na tisa. Walikuwa watoto wa ndugu wawili, wamekua pamoja. Shazli alikuwa mzuri wa sura na bahili wa maneno. Sittana alikuwa na maneno ya kutosha wawili, na wivu wa kutosha kijiji kizima. Siku moja Shazli aliusifu mtandio wa shemeji yake, dada wa Sittana, akasema rangi yake inapendeza. Kesho yake mtandio ule ukaonekana umetoboka matundu manne. Sittana aliapa ni cheche za jiko la kahawa. Dada yake alifariki akiamini vingine.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, sisi watu wa huku hatuishii kwenye salamu. Tukikutana tunapeana sakanab, yaani habari yote, bila kubakiza. Mvua imenyesha bonde gani, nani kajifungua, nani kaugua, umeona nyayo za nani njiani. Wewe unaeleza yote, mwenzako anaeleza yote, kahawa inamiminwa. Mtu akificha habari huonekana mbaya kuliko aliyemnyima mgeni maji. Na Shazli, akiingia nyumbani kwake, sakanab yake ilikuwa maneno matatu: "Heri. Hakuna jipya." Miaka yote ile, hakuna jipya. Hilo ndilo lililomla mkewe.

Kisha, kama miaka kumi na mitatu iliyopita, Shazli akabadilika. Kila siku baada ya sala ya alfajiri alivaa kanzu safi, akapangusa kizibao chake, akatoka na ndoana yake kuelekea ghubani. Alirudi adhuhuri, amelowa mpaka kifuani, hana samaki hata mmoja. Tena anapiga mluzi. Jirani yao, Bi Fadiya, hakuweza kunyamaza.

"Shoga, mwanamume akipiga mluzi ana moja kati ya mawili. Kapata ngamia au kapata mke. Ngamia wenu nimewahesabu, hawajaongezeka."

Mke mwenza! Sittana alikaa siku mbili bila kula, anakoroga uji hadi unaungua. Siku ya tatu akajifunga mtandio, akafuata nyayo.

Mwanamke wa kwetu hahitaji mpelelezi, mnajua. Nyayo za mumewe alizijua kama anavyoijua sauti yake. Alizifuata mchangani, macho chini, anatafuta nyayo nyingine, ndogo, za kike. Hakuziona. Nyayo za Shazli zilikwenda peke yake, zikapita vichaka vya chumvi, zikafika ufukweni, zikaingia majini. Pembeni zilionekana za jana zikitoka majini, peke yake tena. Sittana akasimama pale akichemka. Mwanamke gani huyu asiyekanyaga mchanga?

Akapanda jabali, akalala kifudifudi, akachungulia. Shazli alikuwa amesimama majini, maji yamemfika kifuani. Mbele yake, hatua tatu tu, kulikuwa na nguva mkubwa wa kijivu akila majani ya chini ya maji. Mnyama alinyanyua pua, akavuta pumzi, akainama tena kula. Na Shazli alikuwa anazungumza.

Alikuwa anatoa sakanab, wasikilizaji wapendwa. Anampa nguva sakanab kamili! Mbuzi wawili wamezaa. Kisima cha juu kimekauka. Nafisa amefaulu mtihani, ana akili kama bibi yake. "Na Sittana jino linamwuma siku ya tatu leo. Hajalala. Namwonea huruma, sijui nimwambie nini."

Bi Sittana aliponisimulia hapo alijipiga goti. Miaka yote imepita, bado alikuwa amekasirika.

"Jino langu, mwanangu! Nyumbani ananiambia hakuna jipya, kumbe jino langu kalipeleka kwa mnyama! Angekuwa mwanamke ningemng'oa nywele. Yule hana hata nywele!"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Lakini niwaambie ukweli, nilipofika nyumbani nilimwonea wivu yeye. Mimi nikichelewa kazini mume wangu hata hageuki.

Sittana hakumwambia Shazli kitu. Kesho yake akarudi jabalini. Kesho kutwa pia. Kwa miezi saba alimchunga mumewe na nguva wake. Mwenye wivu hasinzii. Akajua mnyama huja jua likipanda kimo cha fimbo. Akajua anapenda majani ya upande wa kusini, penye kivuli cha mwamba. Akajua ana kovu refu mgongoni, lililokatwa na panga la injini ya boti, na kwamba siku zile boti za watalii zikipita kasi mlangoni mwa ghuba hakuja kabisa. Siku hizo Shazli alirudi bila mluzi, na Sittana akafurahi. Alikiri mwenyewe kwamba alifurahi.

Ndipo wakaja watu wa serikali.

Naeleza polepole ili tuelewane. Wakati ule nguva alikuwa kwenye daftari la pili la wanyama wa kulindwa. Daftari la pili lilikataza kumwua. Halikukataza boti, wala nyavu, wala kujenga. Na kulikuwa na watu wa hoteli waliotaka kujenga gati palepale Um Ushub. Mwanasheria mmoja kutoka Kairo, Bi Mahitab, alikuwa anapigania nguva apandishwe daftari la kwanza. Daftari la kwanza hufunga mahali anapoishi: hakuna boti, hakuna wavu, hakuna gati. Hakuna hata mguu wa binadamu. Lakini Bi Mahitab alihitaji ushahidi wa wenyeji kwamba nguva anaishi pale na anakula pale. Bila ushahidi, gati linajengwa.

Wakakutana kwenye hema kubwa, wanaume mbele, wanawake nyuma, watu wa hoteli wameketi pembeni na miwani yao myeusi. Bi Mahitab akaanza na mtu ambaye kila mmoja alimtaja.

"Bwana Shazli, wewe uko ghubani kila siku. Umewahi kumwona nguva?"

Shazli akatazama mikono yake. "Tangu nizaliwe sijamwona."

Tusimhukumu haraka. Alikuwa amelielewa daftari la kwanza kuliko wengi waliokaa pale. Hakuna mguu wa binadamu maana yake hakuna mguu wake. Habari za gati aliona ni maneno ya watu wa mjini, na likija atalizuia kwa fimbo yake. Alimtaka nguva wake peke yake. Wivu haukuwa wa Sittana tu katika nyumba ile.

Sittana alikuwa amekaa nyuma na Bi Fadiya. Aliniambia kwamba alikuja bila nia ya kusema neno. Lakini aliposikia uongo ule aliona kitu waziwazi. Kwa habari moja tu angeweza kuwatenganisha wale wawili milele, na serikali yenyewe ingemshikia mlango. Akasimama.

"Baba Nafisa, umetoa nusu ya habari. Nusu nyingine ninayo mimi."

"Kaa chini, mwanamke," Shazli akasema.

"Nimekaa miezi saba juu ya jabali nikikutazama. Leo nasimama."

Hema likalipuka kwa kicheko. Sittana hakucheka. Alitoa sakanab ambayo wazee wanasema hawajapata kusikia mfano wake. Saa za nguva, njia yake, majani yake, kovu lake, siku alizokuja na siku alizofukuzwa na boti. Watu wa hoteli wakajaribu kumbana.

"Mama, una hakika si kasa?"

"Kasa nimekula tangu utoto," akawajibu. "Huyu ni mke mwenzangu. Mke mwenza husahaulika?"

Bi Mahitab akajaza kurasa sita. Baada ya mwaka na miezi miwili nguva akapandishwa daftari la kwanza. Maboya ya rangi ya machungwa yakawekwa mlangoni mwa ghuba, na gati likaenda kutafuta mahali pengine. Na Shazli akabaki nyumbani.

Hapo ndipo Bi Sittana alipolipa. Alikuwa amempata mumewe, asubuhi hadi jioni, na mumewe hakuwa na neno naye. Sakanab ilikuwa: "Heri." Hata lile la hakuna jipya alilikata. Aliketi uani amegeukia baharini, kahawa inapoa mkononi.

"Nilishinda kesi, mwanangu," aliniambia, "nikarudi nyumbani na gunia badala ya mume."

Mambo yangeishia hapo, kama ofisi ya mazingira isingetafuta mlinzi. Walitaka mtu wa kijijini akae juu ya jabali kila asubuhi, amhesabu nguva, habari ziandikwe. Ghubani hashuki mtu, na jabalini hapandi mtu ila huyo mlinzi. Jina lililokuwa kwenye faili lilikuwa moja. Wakamwajiri Sittana. Yeye anaona, Nafisa anaandika.

Basi ukawa mgeuko wa ajabu. Sasa ni mke aliyetoka baada ya alfajiri kwenda kumwona nguva, na ni mume aliyebaki nyumbani roho inamwuma. Siku ya kwanza Shazli alimngoja mlangoni.

"Habari za huko?"

"Heri," Sittana akasema. "Hakuna jipya."

Alimlisha neno hilo siku arobaini. Alizihesabu. Kila siku Shazli anauliza, kila siku hakuna jipya, na Sittana anakwenda kupika akiwa na moyo mweupe kabisa. Naomba msimhurumie Shazli sana. Alikuwa anakula alichopika mwenyewe.

Siku ya arobaini na moja nguva alikuja na mtoto. Mdogo, mweupe kidogo, ameshikamana na mama yake ubavuni. Sittana alishuka jabalini mbio, na miaka yake hamsini na ushei, kiatu kimoja kikabaki njiani. Alifika akihema. Shazli alikuwa mlangoni, hakuuliza tena, alishachoka kuuliza.

"Kazaa!" Sittana akasema. "Shazli, kazaa!"

Nafisa ndiye aliyenieleza yaliyofuata, maana wazazi wake waliona haya. "Baba alikaa chini palepale kizingitini akalia. Mama akakaa karibu naye akaeleza yote, kuanzia rangi ya maji. Alipotulia kuvuta pumzi, baba akasema: sasa ngoja nikupe ya kwangu. Akaeleza mpaka adhuhuri. Sikujua baba yangu ana maneno mengi hivyo."

Tangu siku hiyo, miaka kumi, Bi Sittana alishuka jabalini kila asubuhi akamkuta mumewe amekwisha kaanga buni, ametwanga tangawizi, jabana, birika letu la kahawa, liko kwenye makaa. Walikunywa vikombe vitatu, au vitano, au saba. Habari yote, bila kubakiza. Wanawake wa Um Ushub walipita njia ya pale makusudi ili waone na waumie.

Lakini yeye mwenyewe hakutulia. Nilipokuwa nakunja nyaya zangu mwaka juzi, alinishika mkono akaninong'oneza.

"Nikuulize, wewe uliyesoma. Pale mlangoni ananingoja mimi, au anamngoja yule?"

Nikamwambia anakungoja wewe, Bi Sittana. Akanitazama kwa jicho baya. "Umejuaje? Hujui. Na mimi sijui. Miaka yote hii sijui." Aliliuguza swali hilo mpaka mwisho. Hata juma lake la mwisho, yuko kitandani, Nafisa amempokea zamu, alikuwa akitega sikio kusikia Shazli atamwuliza binti yake nini kwanza akirudi. Shazli hakuuliza kitu. Hata hilo halikumtosha.

Juzi, Alhamisi, Bi Mahitab alisafiri kutoka Kairo kuja kuhani. Nami nilikuwepo. Baada ya fatiha aliketi karibu na Bwana Shazli, akamwambia kwa heshima kwamba ofisi imekubali kumpa yeye nafasi ya mkewe. Atapanda jabali kila asubuhi. Atamwona nguva, na mtoto wa nguva, ambaye sasa ni mkubwa kama mama yake. Miaka kumi na moja Bwana Shazli hajamtia machoni mnyama yule.

Yeye akatikisa kichwa.

"Mpeni Nafisa."

"Lakini mzee wangu, wewe si ndiye uliyempenda kuliko wote?"

"Nikimwona," akasema, "nitashuka kumweleza nani?"

Wasikilizaji wapendwa, Bi Sittana aliuliza miaka kumi. Jibu limetoka siku mbili baada ya yeye kuzikwa, na tuliolisikia ni mimi, mwanasheria, na wazee wanne waliokuwa wanakunywa kahawa.

Kwa Bwana Shazli, kwa Nafisa, na kwa ukoo wote wa Awadallah, sisi wa redio tunawapa pole. Mungu amrehemu, amsamehe na ule mtandio wa dada yake. Na wewe unayenisikiliza, kama kuna mtu ndani ya nyumba yako anayetega sikio hivyo, izime redio sasa, nenda kamjibu.