Matanga Yangu Yasimzuie Arafa

Sogezeni mkeka, wanangu, mkae mahali ninapowaona nyote, kwa maana pumzi niliyobakiwa nayo ni ya kusema mara moja. Husseni, mwanangu mkubwa, kaa kuumeni kwangu. Mikdad, wewe ni mkwe, lakini leo usibaki barazani, kwani neno hili linamhusu mkeo. Arafa, binti yangu, futa machozi usikie.

Shamba la Zinga sina la kuliongezea. Mafungu ya urithi Mwenyezi Mungu ameshayagawa. Mnazi wa mpakani, niliougombania na jirani yetu Msabaha tangu mkiwa wadogo, mwachieni. Ugomvi si mali ya kurithishwa.

Linaloninyima usingizi ni jingine. Arafa alipokwenda kupasuliwa Dar es Salaam, sisi huku tulijua moja tu, kwamba titi lenye saratani hukatwa lote, kama alivyokatwa marehemu mama yenu. Na kwa kuwa kiungo cha Muislamu hakitupwi, tulinunua kipande cha bafta, Husseni akachimba kishimo makaburini, tukakaa tukingoja kuzika. Arafa akashuka kwenye bajaji mikono mitupu, kifua chake kama alivyoondoka nacho. Wallahi, nilipigwa na butwaa. Nawe Mikdad ukacheka kicheko cha mwoga: "Kaenda na mawili, karudi na mawili, sasa kakatwa nani?" Akakujibu, "Ulitaka nirudi nusu ndipo uamini nilikwenda?"

Sikuamini, nikafuatana naye kwa daktari. Mimi niliyejifunza kusoma nikiwa na wajukuu, nililiunganisha bango la ukutani herufi kwa herufi, nikidhani macho yananichezea: uvimbe ukiwahiwa ungali mdogo, huondolewa wenyewe pamoja na nyama kidogo inayouzunguka, titi likabaki. Nikamuuliza yule daktari wa kike, "Mwanangu, mbona mmeuacha ugonjwa ndani?" Akasema, "Hatukuuacha, baba. Akimaliza mionzi, tumaini lake la kuishi ni sawa na la aliyekatwa titi zima. Ila mionzi asiikatishe, maana huenda zimebaki chembe zisizoonekana, na hizo ndizo tunazozifuata." Nikamkumbuka mama yenu.

Sasa sikilizeni kilichonishtua kuliko hicho. Jana mlidhani nimelala. Macho nilifumba, masikio hayana kope. Nikakusikia, Husseni, ukimwambia dada yako: "Kaburi likichimbwa haliachwi tupu. Wewe umerudi na titi lako, shimo linamtaka baba." Ya Rabi! Maneno hayo yametoka katika kinywa nilichokilisha mimi? Ulimi hauna mfupa, lakini huvunja mfupa. Mimi ni mzee na figo zangu zimechoka. Hakuna shimo lililoniita. Lifukie leo, umtake dada yako radhi. Tena ukaongeza: "Mtoto gani anamwacha baba yake akikata roho, anakwenda kulala kwenye mashine?" Naye, maskini, akakubali kwamba haendi tena mpaka nipone. Nipone! Nani aliyewaambia kwamba napona?

Basi agizo langu ni hili. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kesho Jumatatu, gari la kwanza la Dar limkute Arafa barabarani, na wewe Mikdad umchukulie mkoba wake mwende pamoja, mpaka mionzi iishe. Nikifa usiku, aende. Nikiwa nimelazwa hapa sijaoshwa, aende. Majirani wakiuliza matangani yuko wapi binti wa marehemu, jibuni bila kuinamisha uso kwamba baba yake kamtuma. Kulia atalia huko huko. Machozi hayaharibu dawa, kukosa siku ndiko kunakoiharibu.

Nipeni maji... Yatosha.

Arafa, radhi zangu zikutangulie njiani, Mungu akurefushie umri uje uwazike wazee wa kizazi chako, wala sikudai kunizika mimi. Nanyi wengine, radhi zangu ni zenu, mkilishika neno hili... mkiliacha, mimi sijui...

Husseni, sogea. Sauti inaniacha. Mwambie dada yako aende... wewe, kwa kinywa chako, nisikie kabla... Sema, mwanangu.

Sema kwa nguvu...

Ehe. Hivyo hivyo.