Redio Niliyoizima

Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi wengine, habari za mchana. Nimeombwa nieleze hapa kikundini nilivyoacha pombe. Nitaeleza, ila mnivumilie, maana bado inaniuma.

Wengi hapa mtaani Soweto mlinijua kwa sauti kabla ya sura. Kila Jumapili nilisoma kadi za salamu redioni na kupiga muziki wa dansi wa zamani. Huko mlimani vihambani, kwenye mashamba yao ya migomba, wazee walikaa na pombe yao ya mbege wakisubiri nyimbo za ujana wao. Baba yangu alikuwa mmoja wao.

Kisha uongozi ukabadilisha muziki. Kutwa ikawa bongofleva na singeli. Meneja, kijana mpole tu, akaniambia, "Braza, wasikilizaji wako wanakufa. Wenye matangazo ya biashara wanataka vijana." Akanibakizia matangazo ya vifo. Nikamwambia ayasome mwenyewe.

Nikaondoka bila kuaga nyumbani. Mimi nikiumia, natembea. Katika mji wa Mkuu nilipakia ndizi kwenye malori. Nikasogea hadi Tarakea mpakani, nikawa nabeba magunia ya mahindi, jioni nakunywa. Simu niliuza. Na pale kilabuni, ndugu zangu, mtu akifungulia ile stesheni, nilikuwa nainuka naizima. "Mzee wa zilipendwa keshanuna," mama muuzaji alisema, watu wakacheka.

Baba akafa. Nyumbani hawakujua niliko, wakafanya kama sisi wa mlimani tunavyofanya: wakapeleka tangazo redioni. Likasomwa asubuhi na jioni, na jina langu likatajwa kati ya watoto, "popote alipo". Maziko yakacheleweshwa kwa ajili yangu. Kaka aliamini kwamba popote nilipo, ile redio siwezi kuiacha.

Dereva wa lori la ndizi, aliyenijua tangu Mkuu, ndiye aliyenikuta sokoni. "Pole na msiba."

"Msiba gani?"

Alinitazama, akazima gari, akashuka.

Nilifika wameshazika. Kaka, mkubwa wangu, alisimama mlangoni. "Umefuata nini? Tulikuita mpaka tukachoka." Akafunga. Nililala kwa jirani.

Asubuhi mama alikata jani la sale mpakani mwa kihamba, akaniwekea mkononi. "Mpelekee mkubwa wako. Usiseme neno." Mnajua kwetu jani lile ni ombi la msamaha, na anayeletewa hatakiwi kulikataa. Lakini nilijua mtu anaweza kulipokea kwa mkono tu, moyo ukabaki umefungwa.

Nilikuwa sijanywa tangu jana yake. Mikono ilitetemeka, jani nalo likatetemeka. Kaka hakunitazama usoni. Aliitazama ile mikono kwa muda mrefu, kisha akalipokea jani.

"Baba yuko kule nyuma ya migomba," akasema. "Kamwambie umefika."

Nilikaa kaburini mpaka jua likageuka. Tangu siku ile sijaonja.

Namshukuru mama, namshukuru kaka, na ninyi mlionipokea nikitetemeka mkanipa supu ya mtori kabla ya maswali. Nawaambia hivi: kazi inaweza kukutupa, na una haki ya kukasirika. Lakini mwambie hata mtu mmoja unakoelekea. Kaka nilimkuta, nikamwomba msamaha. Baba sikumuwahi.

Asanteni kwa kunisikiliza.